Kiwewe na Msongamano: Historia Fupi ya Dhana Mbili

Mtafsiri wa kanuni za usalama wa majengo hana budi kuifahamu historia ya dhana kabla ya kuichagulia istilahi. Katika makala haya tunakusudia kuichunguza dhana ambayo Waingereza huiita panic, nasi kwa kawaida huifasiri kuwa kiwewe.

Mwaka 1895 Mfaransa Gustave Le Bon aliandika kwamba mtu aingiapo katika umati hupungukiwa na busara yake. Fikra hiyo ilienea sana. Tarehe 30 Desemba 1903 ukumbi wa Iroquois Theatre uliungua mjini Chicago, Marekani, wakafa watu wasiopungua 602. Tarehe 28 Novemba 1942 klabu ya Cocoanut Grove iliungua mjini Boston, wakafa 492. Ilikuwa rahisi kusema kwamba umati ulishikwa na kiwewe. Lakini Chicago baadhi ya milango ilikuwa imefungwa, na mingine imefichwa nyuma ya mapazia. Boston mlango mkuu ulikuwa wa kuzunguka, nao ulikwama kwa wingi wa watu. Miongoni mwa milango mingine, baadhi ilikuwa imefungwa na baadhi ikifungukia ndani.

Wataalamu wa elimu-jamii walianza kuitilia shaka fikra ya Le Bon. Mwaka 1954 E. L. Quarantelli alieleza kuwa watu hukimbia kwa kiwewe kwa nadra, hasa waonapo kwamba njia ya kutokea inakaribia kuzibika. Mwaka 1987 Norris Johnson, akichunguza moto wa Beverly Hills Supper Club uliowaua watu 165 huko Kentucky mwaka 1977, alionyesha kwamba wengi waliendelea kusaidiana hata katika hatari.

Ndipo ilipoingia kompyuta. Mwaka 1995 Dirk Helbing na Péter Molnár walitunga hesabu ambamo kila mtembeaji huvutwa na mahali aendako, na husukumwa mbali na wenziwe na kuta. Mwaka 2000 Helbing, pamoja na Illés Farkas na Tamás Vicsek, walichapisha katika jarida la Nature uigaji wa watu wakikimbia chumbani. Ilidhihirika kwamba kila mmoja akizidi kuharakisha, mlango hupitisha watu polepole zaidi, kwani miili hubanana na kusuguana, ikajenga kama tao mbele ya mlango. Anwani ya makala yao ilibeba neno kiwewe. Lakini katika hesabu ile hofu huwakilishwa na kasi ambayo mtu angependa kwenda nayo, na kinachowakwamisha watu ni msuguano na wembamba wa njia.

Kwa sababu hiyo, twapendekeza kiwewe litumike kwa hali ya moyo tu. Mkanyagano nalo litumiwe kwa hadhari, maana kanyagana humfanya kila aliyekuwapo kuwa mtendaji, hata aliyeanguka kwa kusukumwa. Msongamano huonyesha hali ya watu kubanana, bila kumtaja mkosaji. Afisa aandikaye katika taarifa kwamba watu walikufa kwa kiwewe amekwisha kutoa hukumu juu ya marehemu. Aandikaye kwamba walikufa katika msongamano mlangoni humlazimisha msomaji kuuliza mlango ule ulikuwa na upana gani, na ufunguo wake alikuwa nao nani.