Kutoka Uani Hadi Barazani

Bagamoyo, mbele ya nyumba za mawe zenye milango ya nakshi, baraza ilikuwa kiti cha watu wote na cha mwenye nyumba pia. Hapo habari zilipokewa, hoja zikatolewa na kujibiwa. Lakini, kwa kawaida, wenye baraza walikuwa wanaume. Wanawake walizungumza uani, na maneno yao hayakuvuka ukuta.

Mwaka 1973 televisheni ilianza Unguja, ng'ambo ya bahari. Tanzania Bara ilingoja hadi 1994, kwani serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona kuwa ni anasa kwa nchi maskini. Vituo vya watu binafsi vilipoenea, mazungumzo ya uani nayo yakapata kiti. Katika miaka ya 2010, Joyce Kiria aliongoza kipindi cha Wanawake Live kwenye televisheni ya EATV. Ukatili wa majumbani, uliokuwa ukisemwa kwa kunong'ona, ukasemwa mchana kweupe.

Faida hiyo haina budi kukumbukwa. Hata hivyo, baraza ilikuwa na sharti moja: asemaye hujibiwa papo hapo, na kesho hukutana njiani na aliyempinga. Mtangazaji hana jirani wa namna hiyo. Mtazamaji akimjibu, hujibu kioo.

Ukuta wa uani umebomolewa. Iliyosalia ni kazi ya kumpa msikilizaji pa kukaa, naye ajibu.