Uboa, Wanawake-Ndege na Msee wa Piano: Wajue Viumbe wa Yume Nikki Kabla Uzime Taa

Kama umeona jina Uboa likitajwa mtandaoni ukadhani ni msanii mpya wa gengetone, tulia nikupe rada. Uboa ni kiumbe. Ana uso mweupe kama kinyago kilichoyeyuka, mwili mweusi usioeleweka, na anaishi ndani ya gemu inaitwa Yume Nikki. Ukimwona mara ya kwanza saa nane usiku, na majirani wote wamelala, utavua headfoni zako polepole ucheki nyuma.

Yume Nikki ni gemu ya bure kutoka Japani. Jina lenyewe maana yake ni shajara ya ndoto. Toleo la kwanza lilitoka Juni 2004 na mtu aliyeitengeneza anajiita Kikiyama, basi. Hakuna picha yake. Alitumia programu ya RPG Maker 2003, akawa anaongeza vitu kidogo kidogo mpaka toleo la 0.10 la mwaka 2007, halafu akanyamaza. Alinyamaza kabisa hadi baada ya tetemeko na tsunami ya Japani ya 2011 mashabiki wengine waliamini ameenda na maji. Kumbe wapi. Mwaka 2018 gemu ikawekwa Steam, bado bure, na mwaka huohuo likatoka toleo jipya la kisasa lenye jina Yume Nikki: Dream Diary. Hilo la kisasa achana nalo kwanza. Anza na la zamani.

Unacheza kama msichana anaitwa Madotsuki. Ako kejani kwake, chumba kimoja, kitanda, meza, televisheni na baraza. Ukijaribu kumtoa nje kwa mlango anatingisha kichwa. Ukijaribu tena anatingisha tena. Hatoki. Wajapani wana neno la watu kama hao, hikikomori, yaani mtu aliyejifungia nyumbani miezi au miaka bila kutaka kuonana na mtu. Kitu pekee anaweza kufanya ni kucheza gemu ya kudaka biringanya kwa TV, kuandika shajara, na kulala. (Na hizo biringanya si bure. Japani wanasema ukiota Mlima Fuji, mwewe au biringanya kwa ndoto yako ya kwanza ya mwaka, hiyo ni bahati.)

Akilala ndio stori inaanza. Anatokea kwa chumba cheusi chenye milango 12. Kila mlango una dunia yake: kuna ya theluji, ya mishumaa, ya macho, ya namba, ya taa za neon, na kadhalika. Kazi yako ni kutembea. Hakuna maelezo, hakuna pointi, hakuna mtu wa kukuelezea chochote, na karibu hakuna neno linaloandikwa kwa skrini. Unatafuta vitu 24 vinavyobadilisha umbo lako: baiskeli, mwavuli, kisu, kichwa cha taa za barabarani, paka, na vingine vya ajabu zaidi. Ukichoka ama ukiogopa, unabonyeza kitufe cha 9 Madotsuki anajifinya shavu, anaamka. Shika hiyo 9. Itakuokoa.

Sasa tuje kwa wenyewe. Lakini jua kitu moja: majina mengi ya hawa viumbe walipewa na wachezaji. Kikiyama hakuwahi kukaa chini akaeleza nani ni nani. Kwa hivyo ukipata mtu amekuandikia kurasa 20 za "ukweli kuhusu Uboa", huyo anakuuzia hewa.

UBOA
Anaishi kwa Poniko. Poniko ni dem wa nywele za rangi ya dhahabu, ako kwa nyumba ndogo katika bahari ya waridi, na unafika huko ukipitia dunia ya theluji. Ukiingia hakusalimii. Hakufukuzi pia. Anatembea tu kwake kama mtu umemkuta kwa simu. Lakini ukutani kuna swichi ya taa. Kila ukizima, kuna nafasi moja kati ya 64 kwamba chumba kitakuwa giza la ajabu, sauti itabadilika, na mahali Poniko alikuwa atakuwa amesimama Uboa.

Watu hukosea hiyo hesabu. Wanadhani ukizima mara 64 lazima atokee. Zii. Ukizima mara 64 nafasi yako ya kumwona ni kama asilimia 63, kwa hivyo kuna wasee watazima mara 150 na watoke kappa, na kuna mwingine atazima mara moja tu na simu iruke mkononi. Ukimgusa anakutupa mahali pa rangi nyeusi na nyeupe, na hakuna mlango wa kurudi. Hapo ni 9 ama hukai sawa.

Kinachofanya Uboa awe noma si sura. Ni kwamba hakufanyii kitu mpaka umguse. Hakimbizi. Amesimama tu. Na ni wewe uliyezima taa.

WANAWAKE-NDEGE
Kwa Kijapani mashabiki wanawaita Toriningen, yaani watu-ndege. Ni wanawake warefu wenye mdomo wa ndege, utawapata sehemu nyingi. Wengi wao hawana shida na wewe, kuna hata mahali wamekaa wakifanya pikiniki. Shida ni wale macho yao yameharibika. Hao wanakufuata, wana kasi, na wakikushika hawakuui. Wanakupeleka mahali padogo palipozibwa kila upande wanakuacha hapo.

Manze, mara ya kwanza walinishika nilikaa kwa hiyo sehemu dakika kumi nikitafuta njia. Hakuna njia. Ni ujifinye ama utumie ile nguvu ya jicho inayokurudisha kwa chumba cha milango 12. Dawa yao ni ile taa ya barabarani: ukiiwasha nyekundu kila kitu kinasimama, unahepa. Na ukiwa na kisu, usijaribu kuwa jambazi kwao. Wengine walikuwa wapole hadi ulipowachoma.

Hapo kwa kisu niongeze. Unaweza kuchoma karibu kila kiumbe kwa hii gemu. Wanapiga yowe, wanapotea, wengine wanaangusha pesa kidogo. Halafu ukiamka na kulala tena, wako palepale kama hakuna kilichofanyika. Ni wewe tu unakumbuka.

MASADA
Huyu ndio mtu wangu. Msee mrefu wa nyeusi na nyeupe anayepiga piano ndani ya chombo cha angani. Ni kama amekaa huko miaka bila mgeni. Ukitoa kisu mbele yake anatetemeka, na nakuambia utajiskia mbaya kuliko ulivyowahi kuskia kwa gemu yoyote ya bunduki. Kaa kwake. Lala kwa kitanda chake, ndiyo, unaweza kulala ndani ya ndoto. Kuna siku chombo kitapata ajali na mtajikuta sayari ya Mirihi, na huko, ukiwa umejifanya mdogo kabisa, unaweza kupenya shimo moja hadi kwa kiumbe ako peke yake chini ya ardhi. Simwelezi zaidi. Nenda mwenyewe.

MONOKO NA MONOE
Wasichana wawili wasio na rangi. Monoe unampata kwa dunia ya nyeusi na nyeupe, anakuchekea, anapotea. Monoko ako kwa handaki. Anaonekana sawa, hadi uwashe ile taa ya barabarani mbele yake. Hapo anabadilika: mikono inakuwa mingi, damu, jicho. Ndio maana mashabiki wengi wanaamini kuna ajali ya gari mahali kwa maisha ya Madotsuki, mtu alimfahamu akagongwa. Kwa hiyo gemu pia kuna barabara msituni na mwili umelala juu yake. Hakuna aliyethibitisha. Lakini kama umewahi kuvuka Waiyaki Way kabla daraja za miguu zijengwe, hiyo nadharia haikupiti tu.

Sasa utaniuliza, hizi vitu za Wajapani zinatuhusu aje sisi wa huku? Kwanza, sisi hatujawahi kukosa viumbe. Shosho yeyote wa Uthiru atakuelezea irimu, lile zimwi la hadithi za Wakikuyu lenye mdomo wa pili nyuma ya kichwa, na kama jirani yako Kawangware ni Mluhya muulize kuhusu amanani. Pwani ndio kabisa. Mwaka 1995 Zanzibar, kuanzia Pemba hadi Unguja, watu walilala nje kwa makundi, moto umewashwa, juu ya Popobawa, kiumbe walichosema kinaingia usiku na kumkandamiza mtu kitandani. Wanasayansi wengi wanaona hapo kuna ile hali akili imeamka na mwili bado umelala, huwezi kusonga, na unaona mtu chumbani. Kiswahili kilikuwa na jina lake kabla hao wanasayansi wazaliwe: jinamizi.

Tofauti ni moja. Irimu anataka kukula. Popobawa amekuja kukuumiza. Viumbe wa Yume Nikki hawataki chochote kutoka kwako, na hiyo ndiyo inakula akili.

Na Kikiyama hakuwa wa kwanza. Mwaka 1998 kulitoka LSD: Dream Emulator ya PlayStation ya kwanza, ya Osamu Sato, iliyojengwa juu ya shajara ya ndoto ya mwanamke anaitwa Hiroko Nishikawa aliyeiandika miaka kumi. Huko kuna Mtu wa Kijivu, amevaa kofia na koti, anakujia bila haraka, skrini inamulika, na kumbukumbu za ndoto ulizokuwa umepita zinafutika. Baada ya Yume Nikki ndio wakaja watoto wake: Yume 2kki ya mashabiki, .flow, halafu Omori ya 2020 ambayo mbogi nyingi za hapa zinajua bila kujua babu yake.

Niwe mkweli venye mimi niliipata. Ni mwaka niliacha chuo. Karo ilikataa, nikarudi keja Kangemi, nikaambia mathe niko likizo ndefu. Wiki tatu sikutoka. Nilikuwa nalala mchana, usiku naamka nacheza kwa laptopu ya mtumba ya Luthuli ambayo haingeweza kubeba gemu ingine yoyote. Mathe akipiga simu naiacha ilie. Na siku moja niko hapo namwambia Madotsuki atoke nje, anatingisha kichwa, nabonyeza tena, anatingisha kichwa. Nikabonyeza kama mara ishirini. Nilikuwa nimekasirika naye kabisa.

Hapa mbele kuna siri ya mwisho wa gemu na inahusu kujiua. Kama hutaki, ruka aya mbili.

Ukipata vitu vyote 24 unaviacha kwa chumba cha milango, vinageuka mayai. Unaamka. Kwa baraza kuna ngazi ndogo ambayo haikuwepo. Madotsuki anapanda, na anaruka. Kisha chini kunatokea viumbe viwili kama samaki-jeli, na gemu inaisha. Watu wamebishana miaka yote: je, hiyo pia ni ndoto? Wengine wanasema alijaribu tu kuamka kwa njia anayoijua. Mimi sinunui hiyo. Nadhani ilikuwa kweli, na nadhani Kikiyama aliiweka bila maneno kusudi.

Nilimaliza saa kumi alfajiri. Nikafungua mlango nikasimama kwa koridori ya ploti na soksi. Jirani alikuwa ashawasha jiko anapika chai ya kuuza steji. Akaniuliza, "Kumbe uko?" Nikampigia mathe ikifika saa kumi na mbili nikamwambia ukweli wa chuo. Alinyamaza, akaniuliza nimekula nini. Na kama wewe uko kwa hiyo keja saa hii na fikra zimekuwa za huko barazani, laini ya Msalaba Mwekundu ni 1199, bure. Usiogope ati utashikwa: Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kile kifungu cha 226 kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa kinakiuka Katiba.

Kuipata ni rahisi. Kwa kompyuta ya Windows iko Steam, bure, na ni nyepesi, kwa hivyo hata ile mashine ya ofisi iliyotupwa itaibeba. Kwa simu ya Android kuna programu inaitwa EasyRPG Player, unaweka faili za gemu ndani unacheza ukiwa kwa mat ya 46 mmekwama Hurlingham. Ila kwa mat hutaskia muziki, na muziki ni nusu ya kazi, kwa hivyo afadhali usiku.

Chukua baiskeli kwanza juu Madotsuki anatembea kama ameambiwa aende shule. Kisha taa ya barabarani, kabla wanawake-ndege wakujue. Kwa Poniko usiende na haraka. Zima, washa, zima, washa. Mimi nilimpata Uboa kwa jaribio la 41, nikiwa nimeshika kikombe cha chai, na ile doa bado iko kwa godoro.