Hesabu ya Wajenzi wa Reli

Ukiondoka katika stesheni ya reli ya Nairobi, katikati ya mji, ukaifuata njia ya garimoshi kwenda magharibi, utapita Kibera, kisha Dagoretti, nawe utapanda mpaka Kikuyu. Kila siku watu wengi huivuka njia hiyo wasijiulize ni mikono ya nani iliyoitandika.

Sehemu ya jibu imo katika hesabu moja: 31,983. Hiyo ndiyo idadi ya wafanyakazi ambao Waingereza waliwaleta kutoka Bara Hindi ili waijenge reli iliyoanzia Mombasa mwaka wa 1896, ikafika Nairobi mwaka wa 1899, na Kisumu, kando ya Ziwa Viktoria, mwaka wa 1901.

Na tuitazame kwanza kwa jicho la mwalimu wa hesabu. Tarakimu zake zikijumlishwa huwa 24; na kwa kuwa 24 hugawanyika kwa 3, hesabu yenyewe pia hugawanyika kwa 3. Endelea kuigawanya, utaona ya kuwa ni 3 mara 7 mara 1,523. Hapo hatuna budi kukoma, kwani 1,523 ni namba tasa. Mambo hayo ni kweli daima, tuhesabupo watu au punje za mtama.

Mwanahistoria huigawanya kwa njia nyingine. Watu 16,312 walirudi kwao. 6,454 walirudishwa kwa sababu ya maradhi au majeraha. 6,724 walibaki katika nchi hii. Na 2,493 walikufa. Jumlisha, utapata 31,983 kamili, bila kupungua hata mmoja.

Waliobaki, 6,724, ni 82 mara 82: wangeweza kusimama katika mraba, safu 82 zenye watu 82 kila moja. Mraba huo ni sadfa tu, wala hautuelezi kwa nini walibaki. Lakini waliokufa ni karibu mmoja katika kila 13. Reli kutoka Mombasa hadi Kisumu ilikuwa na urefu upatao maili 580. Basi kila maili moja iligharimu roho zaidi ya nne.

Hata hivyo, hesabu hii ni ya watu wa Bara Hindi peke yao. Waafrika waliofyeka msitu, waliochimba udongo na kuchukua mizigo, hawamo ndani yake. Kumbe hesabu yaweza kuwa sahihi hata tarakimu ya mwisho, na bado isiseme habari yote.

Kwa hiyo, msomaji, uonapo hesabu kubwa kitabuni, uliza maswali mawili. La kwanza: je, imejumlishwa sawasawa? La pili: ni nani waliohesabiwa, na ni nani walioachwa nje? Swali la kwanza utalijibu kwa kalamu na karatasi. La pili lataka uchunguzi mrefu, nalo ndilo kazi ya historia.