Mume Anayepigwa: Kutoka Vijiji vya Marika hadi Dawati la Polisi Kyela

Zamani, kwa Wanyakyusa wa ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, iliko Kyela leo, mwanamume aliishi na rika lake katika kijiji chao. Monica na Godfrey Wilson, waliofanya utafiti huko katika miaka ya 1930, waliandika jinsi wavulana wa miaka kumi hivi walivyohama kwa wazazi, wakajenga vibanda vyao kando na kuendelea kuwa majirani hata baada ya kuoa. Walikula pamoja na kunywa pombe pamoja, na aliyejitenga alitiliwa shaka. Mume aliyechubuliwa uso nyumbani, au aliyeanza kukwepa chakula cha pamoja, hakuwa na pa kujificha. Ndoa nayo ilifungwa kwa ng'ombe. Ikivunjika, ng'ombe walidaiwa, hivyo ugomvi wa wawili uliwahusu ndugu wa pande zote mbili.

Ulinzi huo wa rika na ndugu ulikuwa na kasoro kubwa. Rika hilohilo ndilo lililomkuza mtu katika imani kwamba mwanamume ni jasiri. Kukiri kwamba mke anampiga kulikuwa fedheha mbele ya watu aliokula nao kila jioni.

Katika karne ya 20 vijiji vya marika vilififia. Ardhi ilibana, mazao ya biashara yakamfunga kila mtu kwenye shamba lake, na wanaume wengi wakaenda kutafuta kazi kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa na migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Fedheha ilibaki; majirani wa rika moja hawakubaki.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 ilileta kinga nyingine. Kifungu cha 66 kinatamka kwamba, hata kama mila inaruhusu, hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Mume analindwa hapo sawa na mke. Kifungu cha 107 kinautambua ukatili wa mwili na wa akili, na hilo ni muhimu, maana mateso ya mume mara nyingi hayaachi kovu: kufungiwa nje usiku, kudhihakiwa mbele ya watoto, kutishiwa kwamba hatawaona tena. Kwa kawaida shauri la talaka hupita kwanza kwenye baraza la usuluhishi. Wajumbe wakimcheka, hatarudi. Aliyejeruhiwa huenda polisi, ambako siku hizi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, akapewa fomu ya PF3 ya matibabu. Anastahili kuhojiwa faraghani, na maelezo yake kuandikwa kama ya mlalamikaji mwingine yeyote.