TEKNOLOJIA: Ndege isiyo na rubani inapogeuzwa mnara wa simu

KIMBUNGA Maria kilipoipiga Puerto Rico mnamo Septemba 20, 2017, takriban asilimia 95 ya minara ya simu kisiwani humo ilizima. Waliokwama hawakuweza kuomba msaada, wala jamaa zao walioishi mbali hawakujua nani alikuwa hai. Kampuni ya AT&T ilirusha ndege ndogo isiyo na rubani, mfano wa helikopta, ikiwa imefungwa kwa waya uliotoka ardhini. Ikielea futi 200 tu angani, iliweza kuhudumia hadi maili mraba 40.

Kuirusha ndege kama hiyo si kazi kubwa. Swali gumu ni itulie wapi. Ikiwa chini mno, majumba na miti huyakinga mawimbi. Ikipaa mno, umbali huyafifisha. Mnamo 2014, Akram Al-Hourani na wenzake wawili nchini Australia walionyesha kwamba kimo kifaacho hutegemea ujenzi wa mahali. Aliye ukingoni mwa eneo linalohudumiwa anapaswa kuiona ndege kwa pembe ya nyuzi 20 hivi katika vitongoji, nyuzi 42 mjini, na nyuzi 75 penye maghorofa marefu. Hivyo, ili kufikia kilomita 1 kila upande, ndege huhitaji kimo cha mita 370 hivi vitongojini, ilhali mjini huhitaji zaidi ya mita 900.

Ndege zikiwa kadhaa, lengo huwa kumfikia kila mtu kwa ndege chache iwezekanavyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kitaifa cha Singapore walipendekeza mnamo 2017 kuanza na waliotawanyika pembezoni, kisha kuzunguka kuelekea katikati. Anayeanza katikati huenda akalazimika kutuma ndege nzima kwa ajili ya mtu mmoja aliyeachwa pembeni.

Betri nayo ni kikwazo, kwani droni nyingi ndogo hazikai angani hata saa moja.

Kenya ilijaribu njia tofauti. Mnamo Julai 2020, Loon, kampuni tanzu ya Alphabet, ilishirikiana na Telkom Kenya kutoa intaneti kwa maputo 35 hivi yaliyoelea kilomita 20 juu, yakilenga karibu kilomita mraba 50,000. Maputo hayo yalisafiri kwa upepo: programu iliyapandisha au kuyashusha hadi yapate upepo unaoelekea yalikotakiwa. Januari 2021 Alphabet ilitangaza kuifunga Loon, biashara yenyewe ikiwa haijapata njia ya kujikimu, na huduma nchini ikakoma Machi mwaka huo.