Kizuizini Kenya: Rungu Halikushinda Nia

Mwezi Oktoba 1952, serikali ya kikoloni ya Mwingereza ilitangaza hali ya hatari katika nchi jirani ya Kenya. Maelfu kwa maelfu ya wananchi walitiwa kizuizini katika kambi za Manyani, Lodwar, kisiwa cha Mageta na nyinginezo. Wengi hawakufikishwa mahakamani, wala hawakuambiwa siku ya kutoka. Aliyehukumiwa miaka mitatu huhesabu siku zake. Asiyehukumiwa hana cha kuhesabu. Hiyo ni adhabu ya moyo, nayo hupita uzito wa pingu.

Shabaha ya wakoloni haikuwa kuwafungia watu hao tu, bali kuivunja nia yao, wakiri viapo walivyokula na kuwakana wenzao.

Ndugu J. M. Kariuki, aliyepitia kambi 14 kati ya mwaka 1953 na 1960, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1963 jinsi walivyostahimili. Walichagua viongozi, wakajiwekea kanuni na kugawana kazi. Waliojua kusoma waliwafundisha wasiojua. Barua za malalamiko ziliandikwa kwa siri na kupenyezwa nje, na kila barua ilimkumbusha mwandishi wake kwamba yeye angali mtu mwenye haki. Kidole kimoja hakivunji chawa. Aliyekata tamaa aliinuliwa na wenzake.

Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, askari waliamriwa kuwalazimisha watu wa kizuizini kufanya kazi. Watu 11 walipigwa hadi kufa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilivihusisha vifo hivyo na maji waliyokunywa. Uchunguzi ulithibitisha kipigo. Kashfa hiyo ilitikisa Bunge la Uingereza na kuharakisha mwisho wa kambi hizo.

Lakini majeraha hayakufungwa pamoja na kambi. Mwezi Juni 2013, zaidi ya miaka 50 baadaye, Uingereza ilitamka masikitiko yake na kukubali kuwalipa fidia wazee zaidi ya 5,200.

Ndugu askari, historia hii yawahusu. Rungu la Hola lilivunja mifupa, lakini halikuleta utii, na walioagizwa kulishika waliiachia serikali yao aibu. Mtu aliye chini ya ulinzi hana ngao nyingine ila sheria, na utu wa askari anayemlinda.