Simu ya kukunja au simu ya kawaida yenye nguvu? Mambo ya kupima kabla ya kutoa pesa ya korosho

Kila mwaka minada ya korosho ikianza mwezi Oktoba na malipo yakianza kuingia kwenye akaunti za wakulima, maduka ya simu Masasi mjini na Newala huchangamka. Hata maswali yanayotufikia studio hubadilika. Mwezi Juni na Julai wasikilizaji huuliza habari za salfa. Mwezi Novemba huuliza habari za simu, na siku hizi swali linalojirudia ni hili: ninunue simu ya kukunja, au simu ya kawaida yenye kasi na betri kubwa?

Swali hili si la anasa. Kwa mkulima wa Lukuledi pesa ya korosho huja kwa msimu, na kabla haijafika tayari ina wenyewe: ada za watoto, bati za nyumba, madeni ya pembejeo. Simu nayo imekuwa benki, daftari la biashara, redio na kamera. Ukikosea kuchagua, utakaa na kosa hilo mpaka msimu mwingine.

Makala hii inaeleza tofauti ya simu hizo mbili, kisha inazipima kwa mazingira yetu ya bonde la Lukuledi na uwanda wa Makonde: vumbi, umeme na umbali wa fundi.

Simu ya kukunja ni ipi?

Zipo za aina mbili. Ya kwanza hufunguka kama kitabu. Ikifungwa ni simu ya kawaida, nene kidogo. Ikifunguliwa inakuwa na kioo kipana kinachokaribia tableti. Ya pili hukunjwa kutoka juu kwenda chini, kama simu za zamani za kufunika, na ikifungwa inaenea kwenye kiganja.

Samsung ilitangaza Galaxy Fold Februari 2019. Ilipangwa kuingia sokoni Aprili mwaka huo, lakini ikaahirishwa hadi Septemba kwa sababu baadhi ya simu walizopewa waandishi kuzijaribu ziliharibika mapema. Wapo waliobandua utando wa juu ya kioo wakidhani ni protekta ya dukani, na zipo simu zilizoingiwa na uchafu kwenye bawaba. Kampuni ikafanya marekebisho ndipo ikauza. Mwaka 2020 ikaja na Galaxy Z Flip, ile ya kukunja kutoka juu.

Kwa muda mrefu simu hizi zilikuwa za kuonekana mitandaoni tu. Hali ilibadilika pale chapa zilizozoeleka kwenye maduka yetu zilipoingia. TECNO ilitoa Phantom V Fold Februari 2023 na Phantom V Flip Septemba mwaka huohuo. Infinix ikafuata na Zero Flip mwaka 2024. Chapa zote hizo mbili ni za kampuni moja ya China, Transsion, ambayo pia ndiyo yenye itel.

Simu yenye nguvu ni ipi?

Hapa tunazungumzia simu ya kawaida isiyokunjika, ambayo mtengenezaji ameweka pesa zaidi kwenye vitu vya ndani: prosesa ya kasi, RAM ya kutosha, betri kubwa, chaji ya haraka na njia ya kupoza joto. Nyingi hutangazwa kwa wachezaji wa gemu, kwa mfano Infinix GT 20 Pro na TECNO Pova 6 Pro, zote za mwaka 2024. Juu yao kuna simu za bei kubwa kama Galaxy S24 Ultra.

Usidanganyike na neno gemu. Kasi hiyohiyo ndiyo inayomsaidia kijana anayehariri video za ngoma, mwalimu anayefungua mafaili makubwa, au wakala wa pesa anayetumia programu tatu kwa wakati mmoja huku foleni ikimsubiri.

Bei, kwa kilo za korosho

Galaxy Z Fold6 ilizinduliwa Marekani mwaka 2024 kwa dola 1,899. Z Flip6 ilikuwa dola 1,099, na S24 Ultra dola 1,299. Tukadirie dola moja kwa shilingi 2,500, bila kodi wala usafiri. Fold6 inakuwa shilingi 4,747,500, Flip6 shilingi 2,747,500, na S24 Ultra shilingi 3,247,500.

Msimu wa 2024/2025 ulipoanza, bei ya mnada ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Tukichukua 4,000, bila kuhesabu makato, Fold6 ni karibu kilo 1,190 za korosho ghafi. Flip6 ni karibu kilo 690, na S24 Ultra ni karibu kilo 810. Kila mtu anajua shamba lake linatoa kilo ngapi, kwa hiyo hesabu hii amalizie mwenyewe.

Simu zenye nguvu za kiwango cha kati, kama hizo za GT na Pova, huuzwa chini sana ya bei hizo. Kwa maana hiyo, anayetaka kasi hana lazima ya kutumia mamilioni. Anayetaka kukunja ndiye asiye na njia ya mkato.

Vumbi ndilo la kwanza kuliangalia

Wauzaji wengi husema, "Hii haiingii maji." Kwa Dar es Salaam hilo linaweza kutosha. Kwa huku, muulize kuhusu vumbi.

Kwenye maelezo ya simu tafuta herufi IP zikifuatiwa na tarakimu mbili. Tarakimu ya kwanza inahusu vitu vikavu kama mchanga na vumbi, na mwisho wake ni 6. Tarakimu ya pili inahusu maji. Ukiona X mahali pa tarakimu ya kwanza, ujue kinga ya vumbi haijatajwa.

Galaxy Z Fold5 na Z Flip5 za mwaka 2023 zina IPX8: maji ndiyo, vumbi halikutajwa. Fold6 na Flip6 zina IP48. Hiyo 4 maana yake zinazuia vitu vyenye ukubwa wa milimita moja au zaidi. Mchanga mwembamba wa Newala ni mdogo kuliko hapo. Unga wa salfa ni mdogo zaidi tena. S24 Ultra ina IP68, yaani imefungwa kabisa dhidi ya vumbi.

Sababu ya tofauti ni bawaba. Simu ya kawaida ni boksi lililozibwa. Simu ya kukunja ina sehemu inayocheza, na penye kucheza pana upenyo. Chembe ikipita ikakaa chini ya kioo, kila unapofunga simu unaikandamiza kwenye kioo kutoka ndani. Mwaka 2025 Google ilitoa Pixel 10 Pro Fold yenye IP68, kwa hiyo teknolojia inasogea. Lakini simu nyingi za kukunja utakazokutana nazo dukani, hasa zilizotumika, si za kiwango hicho.

Niseme na langu. Niliwahi kununua simu ya kukunja iliyotumika, ikiwa safi kabisa. Nilipenda namna inavyosimama yenyewe mezani nikirekodi mahojiano. Ilipofika miezi ya kupulizia mikorosho nilikwenda nayo mashambani mara tatu, ikiwa mfukoni, mashine zikitimua salfa. Wiki chache baadaye nilisikia kitu kikisaga nikiifungua. Kisha ukatokea mstari mweusi katikati ya kioo, na siku ya nne nusu ya kioo ilikuwa giza. Sikuiangusha wala haikuingia maji.

Kioo kikiharibika, fundi yuko wapi?

Kioo cha simu ya kawaida ya chapa maarufu hubadilishwa na mafundi wengi, na ukikosa kipuri leo utaagiziwa. Kioo cha ndani cha simu ya kukunja ni habari nyingine. Ni kioo chembamba sana kilichofunikwa kwa utando wa plastiki, kimeungana na bawaba, na kukibadilisha kunahitaji vifaa na mafunzo. Gharama yake inaweza kufikia bei ya simu nzima ya kawaida ya kiwango cha kati.

Simu yangu fundi wa kwanza aliigeuzageuza akanirudishia. Wa pili alisema ukweli mapema: kuifungua anaweza, kuifunga iwe kama ilivyokuwa hawezi. Ilibaki kuituma Dar es Salaam, na bei niliyotajiwa ilinifanya niiache kabatini.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, uliza maswali mawili: kioo cha ndani ni shilingi ngapi, na anayekibadilisha yuko mji gani? Muuzaji akishindwa kujibu, amekujibu.

Vipi kuhusu kukunja kwenyewe? Watengenezaji hupima kwa mashine. Samsung, kwa mfano, ilitaja kukunjwa mara 200,000 kwa simu zake. Ukifungua mara 100 kwa siku, hiyo ni zaidi ya miaka mitano. Bawaba yenyewe si dhaifu, ila kipimo cha mashine hakina safari ya bodaboda kwenye barabara ya vumbi.

Betri na umeme

Simu ya kukunja ina nafasi ndogo ndani, maana mwili wake umegawanywa mara mbili. Z Flip6 ina betri ya mAh 4,000 na Z Fold6 mAh 4,400, huku Fold6 ikiwa na kioo kikubwa zaidi cha kulisha. S24 Ultra ina mAh 5,000, sawa na GT 20 Pro. Pova 6 Pro ina mAh 6,000.

Anayeshinda ofisini hataiona sana tofauti hiyo. Ataiona anayetoka nyumbani alfajiri, akashinda ghalani akisubiri korosho zipimwe, akarudi jioni akakuta umeme umekatika. Penye umeme wa kukatika, chaji ya haraka nayo ina thamani yake, kwa sababu nusu saa ya umeme inaweza kukuvusha usiku.

Simu yenye nguvu nayo ina mitego

Mtego wa kwanza ni RAM ya maandishi. Kwenye boksi utakuta imeandikwa 16GB, na pembeni kwa herufi ndogo "8+8". RAM halisi ni 8. Hizo 8 nyingine zimeazimwa kwenye hifadhi ya simu, na hifadhi ina mwendo wa polepole kuliko RAM. Nunua kwa kuhesabu ile ya kwanza.

Mtego wa pili ni joto. Prosesa ya kasi ikipata moto hupunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Ukiwa dukani, rekodi video kwa dakika kumi mfululizo ukiwa umeishika. Ikichemka na kuanza kukwama, hiyo kasi ni ya dakika chache.

Mtego wa tatu ni 5G. Usilipie zaidi kabla hujaulizia kama mnara wa kwenu unayo. Nguvu ya simu haiongezi mnara.

Nani anunue simu ya kukunja?

Wapo inaowafaa. Anayefanya kazi ndani, anayesoma nyaraka na mahesabu marefu, anafaidi kioo kipana na kufungua programu mbili ubavu kwa ubavu. Mpiga picha wa harusi anafaidi simu inayosimama yenyewe. Mwenye simu ya pili ya kwenda nayo shambani, na mwenye safari za mara kwa mara za Dar es Salaam, hatakwama ikiharibika.

Kama simu ni moja, ndiyo hiyohiyo ya biashara, ya shambani na ya dharura usiku mtoto akiugua, chukua ya kawaida. Pesa itakayobaki weka kwenye hifadhi kubwa zaidi, kava nzuri na chaja halisi. Ukishindwa kuzuia moyo ukanunua ya kukunja, angalau kuwa na kitochi pembeni, ili laini yako ya pesa ipate pa kukaa siku kioo kitakapozima.

Ukiwa dukani

Piga *#06# uone namba ya IMEI yenye tarakimu 15, kisha itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 uone kama jina la simu linalorudi linalingana na uliyoshika. Simu bandia zilizimwa nchini Juni 2016, na wapo waliopoteza simu wakati ule kwa kutokagua.

Kwa simu ya kukunja, ifungue taratibu karibu na sikio, ikisaga, iache. Itazame ikiwa imezimwa, kwenye mwanga, uone kama utando umeanza kuinuka kwenye mkunjo. Usiubandue hata kidogo.

Kwa simu yoyote, dai risiti ya EFD, soma masharti ya dhamana, na uliza dhamana hiyo inahudumiwa wapi. Dhamana ya mwaka mmoja inayohudumiwa Dar es Salaam pekee ina nauli ndani yake.

Mwisho, kabla ya kutoa pesa, fikiria siku moja ya mwezi Julai kuanzia asubuhi mpaka jioni: utakuwa wapi, simu itakuwa mfuko gani, na kuna nini hewani. Ukishaiona siku hiyo, utajua ni simu ipi ya kutoka nayo dukani.